Nyoka wa Bwawa la Nakiete

Tangu mimba yake ianze kuonekana, Nakiete hakupata usingizi wa maana. Huko kwao kila nyumba ina bwawa la vyura, na sauti ya vyura ndiyo inayoamua nyumba ikae watu wangapi. Ikizidi, mtoto huruhusiwa. Ikipungua, mmoja hupelekwa ng'ambo ya ukuta, na aliyepelekwa huko hajawahi kurudi.

Ndiyo maana alipomwona nyoka wa majini aliyekuwa akiwala vyura wao, alimkata kwa jembe, ingawa alijua kumuua ni mwiko. Mwanzoni bwawa lilichangamka. Vyura walijaa hadi jikoni, na mama mkwe wake, Bi Hiza, akacheka akisema mjukuu ameshapata nafasi. Kisha wadudu wakaisha. Vyura wakakonda, wakaanza kulana wao kwa wao, na maji yakanuka.

Jioni moja Msikilizaji wa mabwawa alikuja na kigoda chake, akaketi ukingoni, akainamisha kichwa. Nakiete alisimama mlangoni, mkono tumboni, akimwomba Mungu japo chura mmoja alie. Bwawa lilikuwa kimya.

"Nyoka wenu yuko wapi?" Msikilizaji aliuliza bila kugeuka.

Nakiete alitupia jicho jembe lililokuwa kando ya mlango.

"Nilimuua mimi, baba," Bi Hiza alijibu kutoka ndani.

Alitoka amejifunga khanga zake za safari, viatu mkononi. Alipompita Nakiete alimnong'oneza, "Ukimwona mwingine, mwanangu, mwache ale."