Boga Ndani ya Bidoni

Aline alishika mche wa boga ili aung'oe. Ulikuwa umeota wenyewe katikati ya mboga za lengalenga, ndani ya bidoni, dumu la mafuta alilolikata ubavu, uani kwake mjini Baraka.

“Toa ile, Mama Aline,” jirani alimwambia. “Itamaliza udongo. Batoto batakula nini?”

Udongo huo aliuleta kutoka kijijini Bibokoboko, alipotoka kumzika mama yake. Aliuchota mlangoni pa nyumba ya mama, pale alipozoea kutupa mbegu za boga akipika.

Vinywele vya jani vilimgusa kidole. Akasikia tena, kama zamani, ufagio ukipita uani taratibu, na mama akiimba ndani ya moshi.

Akauachia mche. Kisha, shina moja moja, akaanza kung'oa lengalenga.