Hoja za Mama

"Ukienda machimboni utarudi maiti kama mjomba wako," mama akafoka.

Kile kidude cha ukutani kikalia. "Mfano mmoja hautoshi. Hoja imefutwa."

Siku hizi kila nyumba inacho, cha kuamua ugomvi. Kikikufutia hoja mara tatu, umeshindwa, na sheria inakubana ukubali.

"Wenzako wote wamebaki hapa Korogwe, Mbelwa. Wewe nani?"

"Wengi kufanya jambo si sababu. Hoja imefutwa."

Mimi mwenyewe nilishachoka. Nilitaka kugombana na mama yangu, sio kusikiliza dude likimsahihisha kama mtoto wa darasa la pili.

"Haya nenda," akasema. "Ila radhi yangu huna."

"Kitisho si hoja. Imefutwa. Mwana ameshinda."

Sasa nimeshinda nini hapo? Nikamsogelea, begi begani. "Mama, achana na hilo dude. We nipe tu radhi niende."

Akafungua mdomo. Akatazama ukutani, akaufunga. Nadhani aliogopa na radhi nayo isije ikafutwa.

Nikamsubiri weee. Nikatoka, nikafunga mlango.