Kitufe cha Simu ya Upepo

Masanja na mwenzake walikuwa chini mgodini udongo ulipoporomoka. Nyamizi, mkewe, akainyakua simu ya upepo ya msimamizi na kukibana kitufe kwa nguvu zote.

"Masanja! Baba Kulwa, niitikie!"

Kimya. Akaita tena na tena bila kukiachia kitufe, kana kwamba ameushika mkono wa mumewe.

"Shemeji, achia!" Lugendo, fundi wa winchi, alifoka. "Ukikibana hivyo, hata akisema hutamsikia."

"Nikiachia nitampoteza!"

"Umemziba mdomo, shemeji. Achia!"

Kidole kilishakufa ganzi. Akakibandua taratibu. Simu ikakoroma, taa ya kijani ikawaka, na huko chini mtu akakohoa, mara moja tu.

Shimoni walikuwa wawili. Nyamizi alikitazama kitufe, asithubutu kuuliza ni nani.