Kodi ya Moshi

Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nane mchana, jua likichoma, Tindwa aliyerudi kutoka Marekani aliegesha gari mlangoni kwa shemejiye Msellem, aliyerudi kutoka Ulaya, injini ikinguruma.

"Kule Marekani kodi ya gari huihisi, shemeji. Ninyi wa Ulaya mlitozwa hata moshi."

"Ndiyo maana niliuza langu."

"Ukaikwepa kodi. Dada yangu akapanda basi kwenda kujifungua, mtoto akamfia njiani."

Tindwa alichomoa spana ya magurudumu garini, akamvunja mkono, kisha akamshushia ya mdomo. Msellem hakujikinga. Alitema jino.

"Deni nimelipa, shemeji?"

"Hilo halilipiki," akasema Tindwa, akiinua spana tena. Nyuma yake gari lilizidi kutoa moshi usiotozwa kitu.