Kiti cha Kumi

Viti tisa vilikuwa na uhakika wa kwenda kwa Volti. Kilikosekana kimoja tu, na mwenye kiti hicho alikuwa ameketi mbele ya Dira, akikunja na kukunjua pindo la sketi yake.

Shule ile ina mtindo wake. Siku ya kuchagua masomo ya madarasa ya juu, kila mwanafunzi hubeba kiti chake mwenyewe, akapanda nacho kilima hadi jengo la pili, akakiweka katika chumba cha somo analolitaka. Chumba kisichofikisha viti kumi hufungwa, na mwalimu wake hufungasha virago. Mwaka huu roho zilikuwa juu kwa ajili ya fizikia, somo la Volti.

Watoto wa jengo la chini hawakuwahi kumtia Volti machoni, lakini habari zake walikuwa nazo tele. Kwamba ni mkali kama pilipili. Kwamba akiingia maabara hata nzi hutua kwa adabu. Kwamba ana watoto watatu na mama mkwe anayemtegemea, na akiachishwa kazi sijui watakula nini.

Dira walimpenda. Alitokea tu mwanzoni mwa muhula, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mipira, akaambiwa awaandae kidato cha pili kwa safari ya huko juu. Walimbandika jina hilo kwa sababu hakuna aliyeingia mle hajui aendako akatoka bado hajui. Na hakumfokea mtu.

"Haya, mama," alimwambia binti. "Baba anasemaje?"

"Baba fundi umeme. Anasema fizikia, niwe injinia."

"Na wewe?"

"Nitafaulu. Nikikariri huwa nafaulu."

Dira alikuna kidevu. Jibu lile lingetosha kabisa. Mwalimu yeyote mwenye njaa ya kiti cha kumi angesema vizuri sana, kapange foleni.

Mkuu wa shule akachungulia mlangoni, miwani kwenye ncha ya pua.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Basi tumia akili, Mwalimu," mkuu yule alisema, akaenda zake.

Simu ya Dira ikaita. "Ndiyo, Mama... Mkate, sawa... Watoto wamesharudi?" Akaizima, akamgeukia binti. "Niambie. Ukiwa umechoka kabisa, unafanya nini bila kutumwa na mtu?"

Binti akacheka kwa aibu. "Naamua kesi."

"Kesi gani?"

"Za wapangaji. Wakigombania kamba ya kuanikia nguo wananiita mimi. Hata usiku wa jana, nimetoka kufua, nimechoka hoi, nikatoka."

"Na unaamuaje?"

"Namsikiliza kila mmoja peke yake. Halafu namwambia kila mmoja aniambie mwenzake kasema nini. Wakifika hapo, wengi wanaona haya."

Alikuwa amesahau pindo la sketi. Macho yalimng'aa, mikono inaruka hewani, na Dira, ambaye hakuwahi kumwona mtoto yeyote akiizungumzia fizikia namna ile, alihisi moyo wake unazama. Alisimama akaenda dirishani.

"Historia na lugha," alisema hatimaye. "Baba mlete kwangu, nitaongea naye. Wewe kiti chako kipeleke huko, wala usigeuke nyuma."

Binti alishusha pumzi kana kwamba ametuliwa gunia. Kisha uso ukamwiva. "Lakini Volti je? Si watamfukuza?"

"Huo si mzigo wako."

"Nasikia ni mkali sana."

"Nasikia hivyo hivyo. Lakini wanatia chumvi."

"Mwambie naomba radhi," binti alisema. "Mimi namwogopa."

"Nitamfikishia."

Siku ya viti ilikuwa kelele tupu. Watoto walipanda kilima viti vikiwa vichwani, wakipigana vikumbo na kucheka. Binti alipita mlango wa maabara bila kugeuka, akaingia chumba cha historia, akakiweka chake mstari wa mbele kabisa. Mkuu wa shule alipita mlango kwa mlango. Kwenye maabara alihesabu mara mbili, akatikisa kichwa, akaondoka.

Watoto walipokwisha kushuka, Dira alipanda kilima peke yake. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua maabara, akasimama mbele ya viti tisa. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti jeupe ambalo wanafunzi wa miaka iliyopita walikuwa wameliandika mgongoni kwa wino: VOLTI.

"Kuna mtoto anakuomba radhi," alisema, akaanza kulikunja koti lake.