Inchi Sita

Karani wa posta alikuwa ameshaushika muhuri wake wakati Mbula alipoanza kusoma tangazo la ukutani kwa sauti, ili mama yake, ambaye hakujua kusoma, ajionee kwamba shule haikuwa kazi bure.

"Kadi isizidi inchi sita. Nusu ya kulia ni ya anwani peke yake."

Karani akauweka muhuri chini, akachukua rula. "Mama, mtoto amesema kweli. Hii picha yako imezidi inchi nzima. Ukate, ama ulipe kama barua."

"Nitakata," mama akasema. "Nipe makasi."

Ilikuwa picha ya kadi ya posta waliyopigwa Kitui mjini, ya kumpelekea baba, ambaye alikwenda kazi Mombasa Mbula akiwa bado ananyonya. Mama ameketi katikati. Kushoto kwake kuna kaka na suruali yake mpya. Kulia, ukingoni kabisa, kuna Mbula na maua ya plastiki ya studio, mkono mmoja gotini kwa mama.

Mbula alidhani mama angesita kidogo. Hakusita. Makasi yakapita kando ya goti lake, na vidole vitatu vya Mbula vikabaki pale gotini peke yao.

"Mama, huyo ni mimi."

"Wewe si utaolewa tu? Lamba stempu."

Mbula akailamba, akaibandika. Karani akagonga muhuri, kadi ikatumbukia guniani, ikiwa bado na maneno nyuma yake ambayo Mbula aliyaandika jana yake kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la tatu: "Baba, huyu mwenye maua ni mimi."