Mkono Kwenye Utepe

Fundi alilegeza springi nusu mzunguko, akarudisha kifuniko, akajifuta wino vidoleni kwa tambara. Kabla ya chai ya saa nne mashine ingeanza kutema barua, naye angeitwa aje kushangaa pamoja na wengine.

Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kupiga vistari vyeusi kwenye ukingo wa chini wa kila bahasha, ili mashine ya pili ivisome na kuipeleka barua kwenye mji wake. Wino ulitoka kwenye utepe mwembamba uliovutwa na kigurudumu cha mpira. Springi ikilegea, kigurudumu kinateleza na utepe unasimama. Basi mashine inagonga palepale, inagonga palepale, mpaka wino unakwisha na vistari vinatoka vimepauka kama chai ya mgonjwa. Barua za namna hiyo hazisomeki. Hutupwa kikapuni, na kikapu hupelekwa kwenye meza ya wanawake wanaochambua kwa mkono.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa mke wake.

Hapo ndipo palipokuwa na shida yote. Bosi alikwisha kutangaza: mashine ikionekana nzima, meza ya mkono inafungwa mwisho wa mwezi. Wengine wangesema kazi ni kazi, atapata nyingine. Hao hawamjui yule mama. Tangu wamzike mtoto wao wa pekee alikaa ndani akitazama ukuta, hasemi, hali, mpaka alipopata nafasi kwenye ile meza. Wanawake wale walimtania, wakasengenya naye dunia nzima, na siku moja akarudi nyumbani anacheka. Fundi aliapa moyoni kwamba kicheko kile hakuna mashine itakayokichukua.

Hakumwambia. Mkewe hakuwa mtu wa hila. Angemng'akia na kumkataza.

Ila kulikuwa na mtu wa kumharibia. Kila siku baada ya chakula cha mchana, fundi aliikuta springi imekazwa barabara, utepe unakwenda, na mashine inafyatua bahasha safi mpaka jioni. Nani huyo? Alikuwa na jibu kabla hajamaliza kujiuliza: msaidizi wake mpya, waliyempachika jina Kimya kwa kuwa asubuhi hasalimii mtu. Bila shaka alikitaka cheo. Lo, watu wana roho!

Nyumbani nako hakukuwa na afadhali.

"Imegoma tena leo?" mkewe alimwuliza jioni moja, kabla hata hajavua viatu.

"Imegoma."

"Na wewe fundi mzima, springi moja inakushinda? Bosi anakusemaje?"

"Asemeje? Mashine yenyewe mkweche."

"Mkweche," mkewe alirudia, akageuka kukoroga sufuria kwa hasira.

Ilimuuma. Siku hizi hata mchana hakuja kula naye kantini kama zamani. Fundi alijua ni aibu tu, mwanamke hataki kuonekana na fundi mbovu. Alimeza machungu yake, akaendelea kulegeza.

Siku ya mwisho wa mwezi aliacha chakula nusu, akarudi ukumbini mapema. Kimya huyo hapo, kifuniko kimefunguliwa, pua ndani ya mashine.

"Unatafuta nini humo?"

"Springi hii, mzee. Asubuhi niliiona imelegea. Sasa imekazwa, na si mimi."

"Si wewe! Basi ni shetani?"

Kimya aliinamia tena mashine. Fundi alianza kuogopa. Huyu ameiona ilipolegea. Akitangulia kwa bosi, mambo yameharibika. Akatoka mbio mbio kuelekea ofisini, na njiani uongo ukawa umeshaiva.

"Bosi, mashine haina ubaya. Ni mkono wa mtu. Mimi naikaza asubuhi, yule Kimya anailegeza nyuma yangu, apate kiti changu."

"Una hakika?"

"Nimemkuta sasa hivi, kifuniko kiko wazi."

Bosi alifurahi kupita kiasi, hata akampa mkono. Kabla ya saa za kutoka Kimya alikuwa amepigwa kalamu. Alipita ukumbini na vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki, akasimama mbele ya fundi.

"Nina watoto, mzee," alisema. Akaenda zake.

Fundi alijifanya anashughulika na utepe, uso unamwaka. Alijionea haya, haya ya kweli, akatamani kumwita arudi. Hakumwita. Alijiambia ilimbidi.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa amemtangulia. Ameketi jikoni, mikono mapajani, jiko halijawashwa.

"Meza wameifunga," alisema. "Bosi ametuambia mashine imethibitika ni nzima, ubaya ulikuwa wa mtu."

Fundi alitafuta kiti. Hilo hakuwa amelipigia hesabu.

"Mke wangu..."

"Hebu usinionee huruma." Alimvuta mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. "Mwezi mzima bosi alikuwa akituambia pale mezani kwamba mashine ikizidi kugoma, atakayemwaga unga ni wewe. Sasa ningekaa tu, bwana? Kila mchana wenzangu wakienda kula, mimi ndiye niliyekuwa naingia kuikaza ile springi."